Nia na Tokeo: Habari za Kitenzi cha Kusudi Magharibi ya Ziwa

Kila tendo la mwanadamu lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni nia, nao huonekana kabla ya tendo. Uso wa pili ni tokeo, nao huonekana baadaye. Aghalabu nyuso hizi hazifanani. Mkulima hupanda ili avune, lakini si kila apandaye huvuna. Baba humpeleka mwana shuleni ili aelimike, walakini si kila aendaye shuleni huelimika. Kwa sababu hiyo kila lugha imejenga ukuta baina ya nia na tokeo, msikilizaji asije akadhani kuwa lililokusudiwa ndilo lililotendeka. Ukuta upo katika lugha zote. Mawe ya kuujengea ndiyo yaliyo mbalimbali. Katika insha hii nataka kueleza jinsi watu wa upande mmoja wa nchi yetu walivyokutana na kuta za namna hiyo moja baada ya nyingine, na jinsi ukuta wa Kiingereza, uliojengwa kwa nyakati za vitenzi, ulivyowakwaza wengi, nami nikiwa mmoja wao.

Upande huo ni wa magharibi ya Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Kagera. Jina la Kagondo huko ni la mahali zaidi ya pamoja: iko Kagondo ya Bukoba, na iko Kagondo ya Muleba, palipo na hospitali ya Kanisa Katoliki. Watu wa kote kuwili husema Kihaya, hukaa katika vibanja vya migomba na mibuni, na huzika wazee wao katika vibanja hivyo hivyo. Kwa hiyo kibanja si shamba tu: ni kaburi la babu, ni jikoni kwa mama, ni urithi wa mtoto asiyezaliwa bado. Neno moja lililoandikwa vibaya juu ya kibanja laweza kuwatenga ndugu kwa vizazi viwili.

Nilijifunza jambo hilo katika ujana wangu, kwa kosa la mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa mwanafunzi nipo likizoni huko Kagondo ya Muleba, na mzee mmoja wa ukoo alinipa kazi. Palikuwa na shauri la kibanja kati ya ndugu, nalo lilitazamiwa kukatiwa rufani. Marehemu alikuwa ameacha karatasi ya Kiswahili, na katika karatasi ile mlikuwa na maneno haya: Nilimwachia mwanangu wa kwanza kibanja ili awalee wadogo zake. Ikatakiwa tafsiri ya Kiingereza. Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyefaulu mtihani wa lugha hiyo, niliandika upesi: "I left him the kibanja so that he brought up his younger brothers." Kitendo cha kwanza ni cha zamani, nikasema moyoni, basi na cha pili kiwe cha zamani.

Bahati njema, kabla ya karatasi kuondoka ilipita mikononi mwa mwalimu mstaafu, jirani yetu. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniita.

"Mwanangu," akasema, "hawa watoto ni nani aliyewalea?"

"Hapana aliyewalea, Mwalimu. Ndiyo maana wameshitaki."

"Basi mbona wewe umekwisha kuwalea kwa Kiingereza?"

Sikuwa na jibu. Katika Kiswahili cha marehemu, kulea kulikuwa ni amana aliyokabidhiwa mwana wa kwanza. Katika Kiingereza changu, kulea kulikuwa ni habari iliyokwisha kutimia. Aliyevunja amana nilimpa cheti cha kuwa ameitimiza. Mwalimu akafuta maneno mawili kwa kalamu yake, akaandika "might bring up" mahali pake, akanirudishia karatasi bila ya kunikemea. Tangu siku ile sijaacha kutafakari namna kosa langu lilivyozaliwa. Nilidhani kwanza kuwa lilizaliwa na uvivu. Baadaye niliona kwamba historia nayo ilikuwa na sehemu yake.

Tuanze na lugha ya nyumbani. Kihaya ni lugha yenye uangalifu mkubwa juu ya wakati. Mswahili husema "tulifunga," ikamtosha kwa asubuhi ya leo na kwa mwaka wa babu yake. Mhaya hawezi. Akisema "twakoma," amefunga leo. Akisema "tukomire," amefunga jana. Akisema "tukakoma," ni kabla ya jana, hata zamani za kale. Wageni walianza mapema kuiandika lugha hii na ndugu zake wa karibu. Mwaka 1904 Mjerumani Herrmann alichapisha maelezo ya usemi wa nchi za Kiziba, Bugabo, Kyamtwara, Kyanja na Ihangiro, na mwaka 1922 Kuijpers alitoa sarufi ya Kihaya kwa Kifaransa. Mwaka 1977 kitabu juu ya muundo wa Kihaya kilitolewa Marekani na Byarushengo, Duranti na Hyman, na mwaka 1985 Mwingereza Comrie, katika kitabu chake juu ya wakati katika lugha za ulimwengu, aliziweka siku hizi tatu za Kihaya mbele ya wataalamu wote kuwa mfano.

Lakini hapa pana jambo la ajabu kidogo. Lugha hii inayotenga jana na juzi huyaacha yote hayo mlangoni ifikapo kwenye matakwa. Kitenzi hugeuka kikawa "tukome," yaani tufunge, nacho hakina hata alama moja ya zile tatu za wakati uliopita. Hakisemi leo, hakisemi jana, hakisemi kabla ya jana. Kwa nini? Nadhani sababu yaeleweka. Siku huhesabiwa kwa mambo yaliyotukia. Lililokusudiwa halijatukia, basi litawekwaje katika hesabu ya siku? Nia haina jana.

Lugha ya pili kufika ilikuwa Kiswahili. Haikuletwa na shule. Speke alipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanika mwezi wa Novemba 1861, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imekwisha kuijua njia hiyo, na Kafuro, karibu na makao ya mfalme, palikuwa kituo chao. Mwaka 1890 Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba, na serikali ya Kijerumani ikakitumia Kiswahili katika ofisi zake. Mhaya aliyejifunza lugha hii katika biashara au katika boma alikuta mambo mengi mageni, lakini katika mlango wa nia hakukuta ugeni wowote. Kiswahili nacho huugeuza mwisho wa kitenzi kuwa e: asome, walee, tufunge. Kwa hiyo "anakuja ili asome," "alikuja ili asome," na "atakuja ili asome" ni sawasawa. Kitenzi cha kwanza hubadili nguo kwa majira. Cha pili hakibadili.

Tena Kiswahili kina hila ndogo ambayo wengi huitumia kila siku bila ya kuiangalia. Tazama sentensi hizi mbili: "Alikwenda sokoni akanunua ndizi." "Alikwenda sokoni akanunue ndizi." Tofauti ni herufi moja tu. Katika ya kwanza ndizi zimo kapuni. Katika ya pili huenda mtu yule amekuta soko limefungwa, na watoto wamelala na njaa. Herufi a husimulia, herufi e hukusudia. Na mtu akitaka kusema kwa adabu zaidi, hutia neno "pate": "nilikuja nipate kukuona." Hapo nia huambatana na hali ya kujaliwa, kama kwamba msemaji anakiri kuwa kuona si mali yake, bali ni kitu cha kupata.

Lugha ya tatu ilikuja kwa mlango wa kanisa. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892 kutoka Buganda, na mwaka 1904 ikaanzishwa seminari ya Rubya, katika nchi ya Ihangiro. Humo vijana walifundishwa Kilatini. Basi wana wa vibanja walikutana kwa mara ya kwanza na lugha inayoidai nia itaje wakati wake. Mlatini akisema nakuja nijifunze, husema "venio ut discam", akisema nilikuja nijifunze, hana ruhusa ya kuliacha neno lile lile, bali lazima aseme "veni ut discerem." Kitenzi cha nia humfuata kitenzi kikuu kama mtumishi amfuatavyo bwana wake, bwana akirudi nyuma, mtumishi naye hurudi. Lakini Mlatini ni mwangalifu: japokuwa mtumishi hurudi nyuma, havui sare yake. "Discerem" bado ni umbo la kutaka, wala si la kusimulia. Mwanafunzi wa Rubya hakuweza kuwalea watoto wasiolelewa, maana sarufi yenyewe ilimzuia.

Ndipo kikaja Kiingereza, baada ya Waingereza kuwatoa Wajerumani katika vita ya 1914 hadi 1918 na kuitawala Tanganyika. Hapa yafaa tukae kidogo, maana ndipo kosa langu lilipo.

Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na umbo la kutaka, na jambo la kufurahisha ni kwamba katika umoja liliishia kwa e, kama letu. Huo si undugu. Ni sadfa tu. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, katika karne zilizofuata, miisho ya maneno ya Kiingereza iliendelea kufifia. Herufi ile ya mwisho ilianza kutamkwa kwa unyonge, kisha haikutamkwa kabisa. Ukuta ukabomoka. Waingereza hawakuweza kukaa bila ya ukuta, kwa hiyo wakatafuta mawe mengine, nao wakayapata katika vitenzi visaidizi. Waliona "may," ambalo asili yake ni kuwa na nguvu au uwezo, na "might," ambalo lilikuwa wakati uliopita wa neno hilo hilo. Wakasema "I come that I may learn" na "I came that I might learn." Angalia, msomaji, jinsi watu wasiojuana walivyofikia wazo moja: Mwingereza alishika uwezo, Mswahili alishika kupata, na wote wawili walilitia neno hilo mbele ya tendo lisilotimia bado. Siku hizi wasemaji wa Kiingereza hupenda zaidi "can" na "could," "will" na "would". "May" na "might" yamebakia zaidi katika maandishi ya heshima.

Kanuni, basi, ni hii. Kitenzi kikuu kikiwa cha sasa au cha baadaye, nia hufuata kwa "may," "can" au "will." Kitenzi kikuu kikiwa cha zamani, nia hufuata kwa "might," "could," "would" au "should." Tena Kiingereza cha leo chakubali wakati wa sasa mtupu baada ya kitenzi cha sasa: "He works hard so that he passes." Hapo nia yaeleweka. Na hapo ndipo mtego ulipotegwa. Mwanafunzi mwenye akili husema: ikiwa wa sasa hufuatwa na wa sasa, wa zamani na ufuatwe na wa zamani. Naye huandika: "He worked hard so that he passed." Kumbe amevuka ukuta bila ya kujua. Maneno "so that" hubeba mizigo miwili, nia na tokeo, na kitenzi cha zamani kitupu huyaelekeza kwenye tokeo. Msomaji Mwingereza ataelewa kuwa mtu yule alifanya bidii, hata akafaulu. Nia imegeuka kuwa cheti.

Wala kanuni haikukaza kila mahali. Mtu akisema "I brought the book so that you can read it tonight," hajakosa, ingawa kuleta ni kwa zamani na "can" ni ya sasa, maana usiku haujafika na nia bado iko hai. Laiti mwalimu angewaambia wanafunzi jambo hili tangu mwanzo! Wangeona kuwa swali la kujiuliza halikomei kwenye "kitenzi cha kwanza ni cha wakati gani?" Liko jingine: "nia hii bado iko wazi, au imekwisha kufungwa na siku?" Mhaya, aliyezoea kuitaja siku ya kila tendo, angelielewa swali hilo upesi kuliko watu wengi.

Yawezekana mtu atasema kuwa haya ni mambo madogo ya walimu. Historia ya Afrika Mashariki yampinga. Tarehe 2 Mei 1889, Menelik wa Ethiopia na serikali ya Italia walitia sahihi mkataba wa Wuchale. Mkataba ulikuwa na nakala mbili, ya Kiamhara na ya Kiitaliano. Katika kifungu cha 17, nakala ya Kiamhara ilisema kuwa Menelik aweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na wafalme wengine. Ya Kiitaliano ilimfanya aliyekubali kuitumia. Hapa sentensi haikuwa ya nia, lakini aina ya kosa ni ile ile: jambo lililoachwa wazi katika lugha moja limefungwa katika lugha ya pili, na kufuli ni kitenzi. Italia ilidai kuwa Ethiopia imo chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba. Na tarehe 1 Machi 1896 maelfu ya watu walikufa Adwa. Karatasi ya Kagondo ilikuwa ndogo mno kuliko ile ya Wuchale, lakini kwa watoto wale ilikuwa ndiyo Adwa yao.

Turudi nyumbani. Kwa miaka mingi mashauri yalisikilizwa kwa Kiswahili katika mahakama za mwanzo, kisha kumbukumbu zikatafsiriwa kwa Kiingereza ziendapo mahakama za juu. Mara ngapi herufi e imevuka mpaka huo ikafika ng'ambo ikiwa tokeo? Kwa hiyo naihesabu sheria ya mwaka 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kuwa ni ulinzi wa maneno ya wanyonge zaidi ya kuwa fahari ya taifa. Nchi hii yenye vibanja ilikuwa na shida zake za kutosha juu ya maana ya kupewa ardhi: nyarubanja, ambayo ilimweka mkulima chini ya bwana katika kibanja alichokilima mwenyewe, ilihitaji sheria ya 1965 ili iondolewe.

Shuleni pia pana haki ya kutendewa mtoto. Tangu 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na sekondari mwanafunzi huingia katika Kiingereza kama aingiaye mtoni usiku. Akiandika "I came here so that I learn," hupigwa wino mwekundu, na mara nyingine huambiwa kuwa lugha zetu hazina mpango wa nyakati. Maneno hayo si ya kweli. Mtoto huyu ametoka katika lugha yenye zamani tatu. Hakukosa mpango, ameleta mpango wake wa nyumbani, usemao kwamba nia haifungwi kwa majira. Afundishwe ukuta wa Kiingereza ulivyojengwa na kwa nini ulijengwa hivyo, naye ataupita kwa heshima, bila ya kudhani kuwa nyumba ya baba yake haina ukuta.

Nimebakiza neno moja kwa sisi tuandikao historia, maana sisi ndio wakosaji wakubwa. Ni rahisi sana kuligeuza e la watu wa kale kuwa a. Twaandika kuwa boma lilijengwa watu wakapata amani, hali lililo hakika ni kwamba waliolijenga walisema limejengwa ili watu wapate amani. Mwaka 1937 watu wa Buhaya walizipinga kanuni za kahawa za serikali. Kanuni zilitungwa ili mibuni itunzwe. Wakulima wakaona mkono wa serikali umeingia kibanjani, wakakataa. Mwandishi akisimulia nia ya serikali peke yake kana kwamba ndiyo iliyotukia, amewafuta wakulima. Na akisimulia machafuko peke yake kana kwamba ndiyo yaliyokusudiwa, amewafanya watu wote wendawazimu. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia taifa mwezi wa Novemba 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, alitenga mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Hakuchanganya hata moja na jingine, wala hakuhesabu ushindi kabla ya vita. Huo ulikuwa usemi wa mtu ajuaye sarufi ya mambo.

Mwalimu yule jirani yetu amekwisha kufariki. Shauri la kibanja halikufika mahakama ya juu. Wazee waliketi, karatasi ya marehemu ikasomwa kwa Kiswahili chake mwenyewe, na walipofika kwenye neno "awalee" mmoja wao aliomba lirudiwe. Likarudiwa. Mwana wa kwanza akainamisha kichwa. Wadogo zake walikatiwa sehemu ya migomba iliyo karibu na kaburi la baba yao, na huko wanaishi mpaka leo. Nikipita hapo huwasalimu, nao hunikaribisha ndizi bila ya kujua kuwa zamani kidogo, kwa kalamu yangu, nilikaribia kuwadhulumu. Kila nisahihishapo daftari la mwanafunzi na kukuta "so that," hushusha wino, nikamwuliza kwanza alilotaka kusema.